Mosi, Sita au Saba? Siku ya Wasabato katika Majina ya Siku na katika Ukristo

UTANGULIZI

Makala haya yalizaliwa na swali nililoulizwa nyumbani, karibu na soko la Tala, katika kikao cha mazishi. Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa amefariki, na jamaa walikusanyika kupanga siku ya kumzika. Wengi walitaka Jumamosi, kama ilivyo desturi ya sehemu nyingi za Kenya siku hizi, kwa kuwa wafanyao kazi Nairobi na Machakos hupata nafasi siku hiyo. Mwana wa kwanza wa marehemu, ambaye ni Msabato, aliomba siku nyingine ichaguliwe. Alisema kwa heshima kwamba Jumamosi ni siku ya saba, na kwamba yeye hawezi kuchimba kaburi, kupika wala kusimamia shughuli za watu katika siku ambayo Mungu aliitenga iwe ya mapumziko.

Baba yake mdogo, mzee wa Kanisa la Africa Inland, alimjibu: "Mwanangu, hiyo saba umeitoa wapi? Sisi Wakamba siku hiyo twaiita Wathanthatũ, yaani ya sita. Waswahili nao huiita Jumamosi, na mosi ni moja. Ya sita naijua, ya kwanza naijua. Ya saba siioni." Kisha akanigeukia mimi: "Mwalimu, wewe ndiwe unayefundisha Kiswahili huko chuoni. Tuambie."

Nilijibu kwa maneno machache yasiyotosha, na kikao kikaendelea na mambo mengine. Lakini swali lile lilikuwa swali la haki. Mzee hakuwa akifanya mzaha; alikuwa ameona kwa usahihi kwamba lugha mbili azisemazo kila siku zinaihesabu siku moja kwa njia mbili, na kwamba mwanawe anaihesabu kwa njia ya tatu. Tena jibu lake lilikuwa na uzito, kwa sababu lilihusu amani ya nyumba ya marehemu.

Kusudi la makala haya ni kulijibu swali hilo kwa utaratibu. Nitajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, jina la siku hutuambia wenye lugha walianzia wapi kuhesabu, wala halituambii siku ipi ni takatifu. Pili, tofauti ya kweli baina ya Wasabato na Wakristo wenzao imo katika mafundisho, na yafaa itazamwe huko. Mwandishi si Msabato, wala hakusudii kumvuta msomaji upande wowote.

HESABU TATU ZA SIKU MOJA

Tuanze na Kiswahili. Jina Jumamosi lina sehemu mbili, juma na mosi. Juma linatokana na Ijumaa, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni mkusanyiko, yaani siku Waislamu wanapokusanyika msikitini kwa sala ya adhuhuri. Mosi na pili ni maneno ya kale ya kuhesabia ambayo katika mazungumzo ya kawaida yameyapisha moja na mbili. Basi Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya mkusanyiko, Jumapili ni ya pili, na hesabu huendelea hadi Jumatano, ambayo ni ya tano.

Hapo hesabu hukatika. Siku ifuatayo haiitwi "Jumasita", bali Alhamisi, neno jingine la Kiarabu, nalo maana yake ni ya tano. Waarabu huanza kuhesabu kutoka Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kwanza, na kwa hesabu hiyo Alhamisi ni ya tano kweli. Hivyo Mswahili ana siku mbili za tano katika juma moja, Jumatano kwa hesabu yake mwenyewe na Alhamisi kwa hesabu aliyoikopa, na wala hakuna anayetatizika.

Yafaa tuangalie jambo hili kwa makini. Watu wengi hudhani kwamba Jumamosi imekuwa ya kwanza kwa sababu ya Kiarabu. Sivyo. Kiarabu chenyewe huiita Jumamosi kwa jina la sabt, ambalo ni ndugu wa Sabato, na siku ya kwanza kwake ni Jumapili. Kuanza kuhesabu baada ya Ijumaa ni kazi ya Waswahili wenyewe, na haikuwa mara yao moja. Miezi ya Kiislamu waliihesabu vivyo hivyo. Mwezi unaofuata Ramadhani ni wa kumi katika kalenda ya Kiislamu, lakini Waswahili huuita Mfunguo Mosi, kwa kuwa ndio wa kwanza baada ya watu kufungua saumu. Muharramu, ambao ndio unaofungua mwaka wa Kiislamu, kwao ni Mfunguo Nne. Katika juma na katika mwaka pia, desturi ya pwani ilikuwa kuchagua jambo kuu la ibada na kuanza kuhesabu pale linapokwisha.

Tuje sasa Ukambani. Katika Kikamba, Jumatatu ni Wakwambĩlĩlya, siku ya kuanza. Zinafuata Wakelĩ, Wakatatũ, Wakana na Wakatano, yaani ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Jumamosi ni Wathanthatũ, ya sita. Jumapili peke yake haina tarakimu, huitwa Kyumwa. Mpangilio huu ni wa juma la kazi, ambalo hufunguliwa Jumatatu na kufungwa kwa siku ya ibada ya Wakristo walio wengi. Jirani zetu Wakikuyu walifuata njia nyingine. Wao walichukua majina ya Kiswahili, wakasema Njumatatũ kwa Jumatatu na Njumamothi kwa Jumamosi, lakini Jumapili wakaiita Kiumia, jina ambalo udugu wake na Kyumwa ya Wakamba hauhitaji kuelezwa.

Hesabu ya tatu ni ile ya Biblia, ambayo ni ya Wayahudi. Siku ya kwanza ni Jumapili, na siku zote huhesabiwa zikielekea Sabato, ambayo ni ya saba na ndiyo Jumamosi yetu. Hesabu hii ndiyo anayoishika Msabato. Kwa hiyo mtu wa Tala akisimama sokoni siku ya Jumamosi huwa amesimama katika siku ya kwanza kwa Kiswahili, ya sita kwa Kikamba na ya saba kwa Biblia. Jua ni lile lile.

Kutoelewana huku kumeingia hata katika kusoma Maandiko. Injili husema kwamba Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma, na tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ambayo makanisa mengi yameizoea, imefuata maneno hayo kama yalivyo. Lakini msomaji ambaye sikio lake ni la Kiswahili, akisikia siku ya kwanza ya juma, atafikiria wapi kama si Jumamosi? Nimewasikia wanafunzi wakibishana juu ya jambo hili, mmoja akidai kwamba Bwana alifufuka siku ya Wasabato. Mfasiri hakukosea, na msomaji naye hakukosea. Kila mmoja alitumia juma lake.

USHAHIDI WA LUGHA NYINGINE

Wahubiri wa Kisabato hupenda kutaja lugha ambazo zimelihifadhi jina la Sabato katika Jumamosi, na mifano ni mingi. Wareno husema sábado, na Waitaliano sabato. Barani Afrika, Wasomali husema Sabti na Wahausa husema Asabar, na kisiwani Madagaska siku hiyo huitwa Asabotsy. Majina haya matatu yamepitia Kiarabu. Kama Waswahili wangalilikopa jina hilo pamoja na Alhamisi na Ijumaa, huenda swali la kikao chetu lisingaliulizwa kabisa.

Je, orodha hii inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba Sabato ya Wayahudi ilikuwa Jumamosi, na kwamba mzunguko wa siku saba umeendelea bila kukatika katika mataifa yaliyo mbalimbali kwa dini. Myahudi, Mkristo na Mwislamu hawabishani juu ya siku ipi ni Ijumaa. Hilo ni jambo kubwa, na linatosha kujibu nusu ya swali la mzee wetu: siku ya saba ya Biblia ipo, nayo ni Jumamosi, liwalo lote jina lake.

Lakini orodha hiyo haiwezi kuthibitisha zaidi ya hapo, maana lugha nyingine zinatoa ushahidi wa kinyume. Katika Kiganda, Jumamosi ni Lwamukaaga, siku ya sita, na neno Sabbiiti, ambalo kwa asili ni Sabato yenyewe, limekwenda kukaa juu ya Jumapili. Ikiwa jina ndilo hakimu, Mganda atalazimika kuitunza Jumapili kwa sababu lugha yake huiita Sabato. Wazulu nao huiita Jumamosi uMgqibelo, yaani ya kumalizia, jina ambalo lingempendeza Msabato ingawa halikutokana na mafundisho yake. Yatupasa tukubali kwamba majina haya ni historia ya waliofika na kalenda zao, kama vile mfanyabiashara, mwalimu wa madrasa, mmisionari na mwajiri. Hayakutolewa ili yawe hukumu ya kidini.

Wasabato wenyewe wamewahi kulazimika kutenganisha jina na siku. Visiwa vya Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, vimewekwa kisheria upande wa magharibi wa mstari wa tarehe, ingawa kwa longitudo vimo mashariki ya nyuzi 180. Waadventista wa huko kwa miaka mingi wamekusanyika siku ambayo serikali huiita Jumapili, kwa hoja kwamba kwa mwendo wa jua hiyo ndiyo siku ya saba. Samoa ilipoamua kuvuka mstari huo mwishoni mwa mwaka 2011, ikairuka tarehe 30 Desemba, Wasabato wa nchi hiyo walikabiliwa na swali hilo hilo na hawakukubaliana wote. Wengi walishika siku iitwayo Jumapili, na wengine wakabaki na Jumamosi. Kwa hiyo hata kwa watu walioijenga imani yao juu ya siku, kuijua siku hakukuwa sawa na kulijua jina lake.

MPAKA WA SIKU

Liko jambo jingine ambalo mzee wetu hakulitaja, na ambalo Kiswahili kinamwelekea Msabato kwa karibu sana. Nalo ni swali la wapi siku huanza.

Msabato haanzi Sabato saa sita ya usiku. Huianza Ijumaa jua linapokuchwa, na kuimaliza Jumamosi jua linapokuchwa. Ndiyo sababu Ijumaa huitwa kwao siku ya maandalio: chakula hupikwa, nguo hufuliwa na nyumba hufagiliwa kabla ya magharibi. Kwa mtu aliyelelewa na saa ya Kizungu, hesabu hii ni ngeni. Kwa Mswahili wa kale si ngeni hata kidogo. Kwake siku mpya huingia magharibi, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, kwa matumizi ya zamani ya pwani, ni ule tunaouita leo usiku wa Alhamisi, yaani wa kuamkia Ijumaa. Vivyo hivyo, Ijumaa baada ya magharibi ni usiku wa Jumamosi. Basi Sabato ya Msabato na Jumamosi ya Mswahili wa kale huanza pamoja na kwisha pamoja. Tarakimu zinapingana, lakini mipaka inakubaliana.

Saa zetu zina sehemu katika historia hiyo. Joseph Bates, mmoja wa waanzilishi wa Uadventista, alikuwa nahodha wa meli kabla ya kuwa mhubiri. Alifundisha kwamba Sabato ianze saa kumi na mbili ya jioni kila mahali, akitumia hoja ya ikweta, ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Mnamo mwaka 1855, baada ya uchunguzi wa Maandiko uliofanywa na J. N. Andrews, wenzake waliiacha kanuni hiyo na kufuata kuchwa kwa jua. Kwa watu wa Marekani ya kaskazini, ambako jua la kiangazi hukawia sana kutua, tofauti ilikuwa kubwa. Tala iko karibu na ikweta, na jua lake huchwa baina ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi mwaka mzima. Mkulima wa hapa angeweza kuzifuata kanuni zote mbili kwa tofauti isiyofika saa moja.

WASABATO WALITOKA WAPI

Jina kamili la kanisa hili ni Kanisa la Waadventista Wasabato, na lina mambo mawili ndani yake. Adventista linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuja, nalo hutaja tumaini la kurudi kwa Kristo. Sabato hutaja siku. Katika historia, tumaini lilitangulia siku.

William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibatisti wa Marekani, alisoma unabii wa Danieli akafikia kuamini kwamba Kristo angerudi karibu na mwaka 1843. Wafuasi wake hatimaye walitaja tarehe 22 Oktoba 1844. Siku hiyo ikapita. Wengi walirudi makwao wakiwa na huzuni na aibu. Kundi dogo lilishikilia kwamba tarehe ilikuwa sahihi na kwamba kosa lilikuwa katika kulielewa tukio: Kristo, walisema, siku ile alianza sehemu ya mwisho ya huduma yake katika patakatifu pa mbinguni. Kundi hili lilipokea fundisho la Sabato kutoka kwa Wabatisti wa Siku ya Saba, ambao walikuwa wakiishika Jumamosi huko Uingereza tangu karne ya 17. Chini ya uongozi wa Bates, James White na mkewe Ellen G. White (1827–1915), kanisa liliundwa rasmi mjini Battle Creek, Michigan, mwezi Mei 1863. Leo lina waumini zaidi ya milioni 20 duniani.

Katika Afrika ya Mashariki, wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifika milima ya Upare mwaka 1903. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1906, Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo, mzaliwa wa Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Yafaa kukumbukwa kwamba tangu siku ya kwanza Mwafrika alikuwa miongoni mwa walioileta imani hii Kenya. Kutoka huko ilienea kwa Wajaluo na Wakisii, ambako mpaka leo ina nguvu nyingi.

Ukambani ulikuwa na historia nyingine. Krapf alifika mwaka 1849. Africa Inland Mission ilianza kazi Nzaui mwaka 1895, na Kangundo, kilomita chache kutoka Tala, ni kimojawapo cha vituo vyake vya kale. Tala yenyewe inajulikana kwa misheni na shule za Wakatoliki. Kwa hiyo Msabato wa Tala huishi katikati ya majirani ambao makanisa yao yalitangulia, na huulizwa mara kwa mara swali ambalo ndugu yake wa Kendu Bay haulizwi sana: Je, ninyi ni Wakristo?

WANAYOSHIRIKI NA WANAYOTENGANA

Swali hilo lastahili jibu la wazi. Wasabato wanaamini Utatu wa Mungu, Uungu wa Kristo, kifo chake kwa ajili ya wenye dhambi, ufufuo wake, na wokovu kwa neema kwa njia ya imani. Mambo haya ndiyo kiini cha imani ya Mkatoliki wa Tala na ya mshirika wa Africa Inland wa Kangundo. Mwaka 1980 kanisa lao liliyapanga mafundisho yake katika vifungu 27, na mwaka 2005 likaongeza kimoja. Asomaye vifungu hivyo 28 ataona kwamba sehemu kubwa yavyo ingeweza kusomwa katika kanisa lolote la Kiprotestanti bila mtu kuinua kichwa. Baina ya mwaka 1994 na 1998 Walutheri na Waadventista walifanya mazungumzo rasmi ya kimataifa, ingawa Waadventista hawajajiunga na Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Katika mengine wana wenzao. Ubatizo wa kuzamishwa, kwa mtu aliyekwisha kuamini, ni wa Wabatisti na wa Africa Inland pia. Kutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana hufanywa pia na baadhi ya makanisa madogo ya Kiprotestanti. Kutokula nguruwe kunawafanya wafanane na Waislamu wa pwani, na kuacha pombe na tumbaku kunawaweka pamoja na makanisa mengi ya Kiinjili ya Kenya.

Yanayowatenga ni machache, lakini ni mazito. Ya kwanza ni fundisho la patakatifu na la hukumu iliyoanza mwaka 1844, ambalo halifundishwi na kanisa jingine kubwa. Ya pili ni kukubali kwamba Ellen White alikuwa na karama ya unabii, ingawa wao husema kwamba maandishi yake yako chini ya Biblia. Ya tatu ni Sabato.

Juu ya Sabato, hoja yao ni sahili. Amri ilitolewa na Mungu, haikufutwa, nayo hutaja siku ya saba. Husema kwamba Jumapili iliingia kwa mamlaka ya wanadamu, na hupenda kumtaja Kaisari Konstantino, aliyeamuru mwaka 321 kwamba mahakama na wakazi wa miji wapumzike siku ya jua. Wakristo wengine hujibu kwamba Jumapili ni ya kale kuliko Konstantino: Yustino Shahidi, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza tayari mkusanyiko wa siku hiyo, na sababu aitajayo ni ufufuo. Pande zote mbili zina ukweli wa historia mkononi. Mkusanyiko wa Jumapili ni wa kale sana. Amri ya serikali ya kupumzika siku hiyo ilikuja baadaye. Linalobaki ni swali la imani: je, Kanisa lilikuwa na ruhusa ya kuihamisha maana ya amri kutoka siku moja hadi nyingine?

Hata namba ya amri yenyewe haikubaliwi na wote. Mtoto wa Kikatoliki wa Tala hufundishwa kwamba amri ya kuitakasa siku ya Mungu ni ya tatu. Mtoto wa Africa Inland na mtoto wa Kisabato hufundishwa kwamba ni ya nne. Maneno ni yale yale, zimegawanywa tofauti.

Wala isidhaniwe kwamba swali la Sabato lililetwa Afrika na Wamarekani. Nilipokuwa masomoni Uingereza niliishi nyumba moja na Mwethiopia wa Kanisa la Orthodoksi, naye ndiye aliyenifungua macho. Huko Ethiopia, katika karne ya 14, mtawa Ewostatewos na wafuasi wake walishikilia kwamba Jumamosi iheshimiwe pamoja na Jumapili, wakateswa kwa ajili hiyo. Mwaka 1450, katika baraza la Debre Mitmaq, Mfalme Zara Yakobo aliwapa haki, na siku zote mbili zikakubaliwa. Kanisa la Afrika lilikuwa limekwisha kuijadili Jumamosi karne nne kabla ya Miller, na likapata jibu ambalo si la Msabato wala la mpinzani wake.

KUNGOJA, NA HALI YA WAFU

Nimesema kwamba jina la kanisa hili lina kungoja ndani yake. Kwa Wakamba jambo hili lina historia ya pekee katika elimu. John Mbiti (1931–2019), mwana wa Kitui, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya mafundisho ya mambo ya mwisho, alidai kwamba katika fikira za jadi za Wakamba wakati ujao ulikuwa mfupi sana, na kwamba mahubiri ya kurudi kwa Kristo kwa hiyo yalieleweka kama jambo la karibu mno. Aliutegemeza utafiti wake juu ya nyakati za vitenzi vya Kikamba, na maneno aliyoyachagua kutajia aina mbili za wakati, Sasa na Zamani, aliyatoa katika Kiswahili. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika walimpinga. Mimi naona kwamba somo tulilojifunza juu ya majina ya siku lafaa hapa pia: viambishi vya vitenzi huonyesha jinsi watu walivyozoea kupima, wala haviwazuii kutumaini zaidi ya kipimo chao. Wasabato wa kwanza wa Marekani, ambao Kiingereza chao kilikuwa na wakati ujao usio na mpaka, ndio walioungoja mwisho kwa tarehe.

Penye mazishi, hata hivyo, fundisho linalogusa zaidi ni lile la hali ya wafu. Wasabato hufundisha kwamba aliyekufa amelala, hajui neno lolote, mpaka ufufuo. Tena kwamba waovu watateketezwa na kukoma, hawatateswa milele. Mkatoliki humwombea marehemu, na wa Africa Inland husema kwamba roho ya mwamini imekwenda kwa Bwana. Wazee wa kale wa Kikamba waliwatambua aimu, wafu wanaoendelea kuwa karibu na nyumba zao. Mambo haya manne yalikuwamo katika boma lile moja. Wote, lakini, walimwita mzee marehemu, yaani aliyerehemiwa, neno tulilolipokea kutoka kwa Waislamu, na wote walisema kwamba amelala.

SIKU NA SHERIA

Swali la siku limefika hata mahakamani. Kanisa la Waadventista lilishtaki kuhusu wanafunzi wao wanaolazimishwa kuhudhuria masomo siku ya Jumamosi katika shule za umma. Mahakama Kuu haikukubaliana nalo, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba kuwalazimisha kuhudhuria masomo au mitihani baina ya kuchwa kwa jua Ijumaa na kuchwa kwa jua Jumamosi kunavunja uhuru wa dini uliowekwa na kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010. Msomaji ataona kwamba majaji hawakuulizwa Jumamosi ni ya ngapi. Walichopima ni kama mtu anaweza kuishi kwa dhamiri yake bila kunyimwa elimu.

HITIMISHO

Hili sasa ndilo jibu ambalo ningalimpa baba mdogo siku ile kama ningalikuwa nimejiandaa. Mzee alikuwa sahihi kwamba Kikamba husema sita na Kiswahili husema moja. Lakini Kikamba kilianza kuhesabu pale kazi inapoanza, na Kiswahili kilianza pale mkusanyiko wa Ijumaa unapokwisha. Mwanawe anahesabu kutoka mwanzo wa Kitabu cha Mwanzo. Hakuna hata mmoja aliyekosea hesabu. Walianzia mahali tofauti. Kwa hiyo lugha haiwezi kumkatalia Msabato siku yake, wala Msabato hawezi kuitumia lugha kumlazimisha jirani yake. Wakitaka kubishana, na wabishane juu ya amri, na ufufuo, na mamlaka ya Kanisa; huko ndiko waliko tofauti, na huko wataona pia jinsi walivyo na mengi ya pamoja.

Kikao chenyewe hakikungoja makala haya. Baada ya majadiliano, baba mdogo aliuliza ikiwa Alhamisi ina shida kwa yeyote. Ilikuwa na shida kwa waajiriwa wa Nairobi, ambao walilazimika kuomba ruhusa kazini, lakini haikumgusa mtu dhamiri. Mzee akazikwa Alhamisi adhuhuri, ya tano kwa Mwarabu, Wakana kwa Mkamba. Mwana wake wa kwanza alilishika jembe kwa mkono wake mwenyewe.